Mdogo wangu, usitie sahihi bado

Mdogo wangu,

Picha ya gari nimeiona. Zuri kweli, sina kasoro ya kulitolea. Nimeiona pia picha ya pili, ya mkataba waliokuchapishia pale yadi, na huo ndio unaonifanya nikuandikie. Umesema keshokutwa unarudi kutia sahihi, na umeniomba niwe mdhamini wako. Nakujibu hapa hadharani, bila kukutaja jina, kwa kuwa wewe si wa kwanza kuniuliza mwaka huu, na najua wapo wenzako Houston na Columbus wenye karatasi kama hiyo hiyo mkobani.

Kwanza tukubaliane: gari unalihitaji. Anayekwambia upande basi hajaishi Arlington, hapa Texas. Mji mzima wa watu karibu laki nne hauna basi la kawaida la abiria. Kuna vile vigari vya mji vya kuita kwa simu, navyo vinalala mapema kuliko shifti yako ya usiku. Nauli za Uber zinakula mshahara wa kutunza wazee wa watu, na mwisho wa mwezi huna cha kuonyesha. Kwa hiyo gari sikukatazi. Ninaloligomea ni deni lile.

Utazame tena mkataba wako. Dola 18,000, miezi 72, riba asilimia 18 kwa mwaka. Yule bwana alikuonyesha namba moja tu, dola 410 kwa mwezi, akakuuliza kama utaiweza, ukasema utaiweza. Sasa zidisha 410 mara 72. Inapita dola 29,500. Yaani riba peke yake ni zaidi ya 11,500. Gari hilo hilo ungelipata kwa asilimia 9 na miezi 48, ungelipa kama dola 448 kwa mwezi, na mpaka unamaliza jumla ingekuwa kama 21,500. Dola elfu nane zimefichwa nyuma ya nafuu isiyofika hata dola 40 kwa mwezi.

Namba hiyo ya jumla si siri. Tangu 1968 sheria ya hapa Marekani inamlazimisha mkopeshaji kuiandika kwenye visanduku vya mkataba: kiwango cha riba kwa mwaka, gharama ya mkopo kwa dola, kiasi unachokopeshwa, halafu jumla ya utakacholipa mpaka mwisho. Hicho kisanduku cha nne ndicho nilichokitafuta kwenye picha yako. Umekifunika kwa kidole gumba.

Lakini hata riba si jambo kubwa kuliko yote. Mtu mwenye pasipoti ya Marekani akiingia kwenye mkopo mbaya, anaumia mfukoni basi. Wewe una kadi ya kazi, yaani kibali cha kuajiriwa, ya miezi 18. Tangu Desemba 2025 USCIS, idara ya uhamiaji, hawatoi tena zile za miaka mitano kwa wenye kesi kama yako, na tangu 30 Oktoba mwaka huo, wengi wanaoomba kadi mpya hawapewi tena ile nyongeza ya kusubiria iliyofika siku 540. Kadi ikiisha kabla nyingine haijafika, mwajiri anakutoa kwenye ratiba, hata kama kuchelewa si kosa lako. Leseni yako ya Texas nayo ina tarehe inayofuata makaratasi yako. Mkopo wa miezi 72 ni kadi nne mfululizo, kila moja ifike kwa wakati wake. Mimi nimeishi hapa na makaratasi ya muda, na sijawahi kuona bahati ya namna hiyo.

Kwa hiyo swali langu kwako si la dola 410. Siku makaratasi yakikwama, ukiliuza gari asubuhi, deni litaisha? Kwa mkopo huu, jibu ni hapana, tena kwa miaka. Mwaka wa kwanza utalipa karibu dola 4,930, na deni litashuka kwa kama 1,830 tu; nyingine zote ni riba. Gari lenyewe litakuwa limeshuka thamani kupita hapo. Ukikosa kulipa, Texas haimlazimishi mkopeshaji kwenda mahakamani kwanza: akiweza kulichukua bila fujo, bredauni inakuja usiku, asubuhi unakuta doa la mafuta. Gari linapelekwa mnada, linauzwa kwa bei ya mnada, na salio linabaki lako. Rekodi hiyo inakaa miaka saba.

Deni la mtu mwenye makaratasi ya muda liwe dogo kuliko bei ya gari siku yoyote utakayoliuza. Ukilishika hilo, mengine yanajipanga. Utatafuta gari la bei ya chini, utatoa kianzio cha maana, na muda utakuwa mfupi. Corolla au Civic ya miaka saba au minane, imekaguliwa na fundi wako mwenyewe, siyo wa yadi. Probox huku hakuna, samahani.

Umeuliza kwa nini wanakupa asilimia 18 wakati hujawahi kumdhulumu mtu hata senti. Ni kwa sababu hiyo hiyo. Nyumbani tumezoea CRB, wanakoandikwa wadaiwa, ni mahali pa kuogopa, mtu anafurahi jina lake lisipoonekana huko. Huku asiyeonekana ndiye anayeogopwa. Alama za FICO, zinazompima mkopaji, zinaanzia 300 hadi 850, lakini huwezi kupata hata hiyo 300 mpaka uwe na akaunti ya mkopo iliyokaa angalau miezi sita. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulioulipa vizuri hauhesabiki. TransUnion, wanaotunza rekodi za mikopo, wapo Nairobi, na makao yao makuu ni Chicago, lakini rekodi yako ya Nairobi imebaki Nairobi. Ndiyo maana nilikusumbua tangu umefika uchukue ile kadi ya benki ya kuweka dhamana: unaweka dola 300 zako, unanunulia mafuta na mboga, unalipa yote kila mwezi. Uliona ni mzaha wa wazungu, kukopa pesa yako mwenyewe. Ni mzaha, nakubali. Lakini ndiyo unaohesabiwa.

Sasa utakwenda wapi? Usianzie yadi. Yadi ya kawaida haikukopeshi pesa yake. Inatafuta benki, benki inasema asilimia 11, yadi inaruhusiwa kukutajia 13 na kubaki na sehemu ya tofauti. Zile nyingine, zinazokukopesha zenyewe na kutaka ulipe kila wiki pale pale dirishani, ndizo mbaya zaidi: nyingi hufunga kifaa kinachozima gari likakataa kuwaka ukichelewa. Anzia kwenye vyama vya akiba na mikopo, Sacco za huku. Baadhi yao wanawakopesha wenye kadi ya kazi, na wengine watataka mkopo uishe kabla kadi haijaisha. Usikasirike wakisema hivyo, wanakufanyia hesabu uliyotakiwa kuifanya mwenyewe. Omba sehemu tatu au nne ndani ya wiki mbili. Kwenye alama zako zitahesabiwa kama ombi moja, mradi zote ni za gari.

Wakikukataa, wana siku 30 kukujulisha, na sababu una haki ya kuzipata. Tangu miaka ya 1970 ni marufuku kumnyima mtu mkopo kwa sababu ya nchi aliyotoka. Kuuliza makaratasi yako yamebakiza muda gani ili wajue kama utalipa, hilo wanaruhusiwa. Barua zao zitunze, zitakwambia upungufu uko wapi.

Ukishapata barua ya Sacco, ndipo uende yadi, na hapo mjadala uwe bei ya gari tu. Texas itaongeza kodi ya asilimia 6.25, hiyo haina ujanja. Zilizobaki nyingi zina ujanja. Kuna ofisi ya nyuma, yenye kiti cha ngozi na chupa ya maji ya bure, ambako utauziwa dhamana ya ziada ya matengenezo, namba za kuchonga kwenye vioo, dawa ya kulinda viti na bima ya kufidia pengo kati ya deni na thamani ya gari. Hiyo ya mwisho ina maana kwa mtu ambaye deni limepita gari. Wewe hutakuwa huyo. Na wakikwambia uchukue gari ukalale nalo, benki itathibitisha Jumatatu, kataa. Jamaa mmoja ninayemfahamu aliitwa siku kumi baadaye, akaambiwa benki imebadilisha mawazo, riba mpya ni hii, na gari lake la zamani alilolitoa kama kianzio limeshauzwa. Pia usidanganywe na hadithi ya siku tatu za kurudisha. Ukinunua kwenye yadi, sheria ya nchi haikupi siku hizo.

Kuhusu ule mkataba wa kukodi gari jipya miaka mitatu, tangazo la dola 239 kwa mwezi: usiguse. Utapewa maili 10,000 au 12,000 kwa mwaka, na kila maili ya ziada hutozwa senti 15 mpaka 30. Wewe unataka kusambaza vyakula kwa DoorDash wikendi. Zitaisha kabla ya Septemba. (Na bima ya kawaida mara nyingi haikufuniki ukiwa umebeba pizza ya mtu, uliza kabla.) Kubwa zaidi, lile gari si lako, huwezi kuliuza makaratasi yakikwama, na kuvunja mkataba katikati ni ghali.

La riba na dini, najua linakukera. Hilo zungumza na imamu, mimi si mufti. Ukiamua kununua taslimu gari la dola 5,000 na kungoja mwaka, nitakuwa wa kwanza kukusifu.

Sasa udhamini. Nyumbani mdhamini wa Sacco hukumbukwa mkopaji akipotea. Huku deni linaingia kwenye rekodi yangu siku ya kwanza, lote, kama nimekopa mimi, na gari bado si langu. Kwa mkopo ule, hapana. Kwa dola 9,000, miezi 36, kupitia Sacco, nitatia sahihi. Mama asiambiwe.

Tia bima ndani ya bajeti kabla ya kuchagua gari, si baada. Sheria ya Texas inataka ya kufidia wengine tu, 30,000 kwa mtu mmoja, 60,000 kwa ajali moja na 25,000 kwa mali. Lakini gari likiwa na mkopo, mkopeshaji atataka bima kubwa, na ukiiacha ikatike atakukatia yake kwa bei ya kukomoa. Kadi mpya ya kazi iombe miezi sita kabla ya ile kuisha, ndiyo mapema wanayokuruhusu. Ukiona inachelewa, mpigie mkopeshaji kabla hujakosa mwezi. Na usidhani mambo yakiharibika utalipakia meli mpaka Kilindini: mkopeshaji ndiye anayeshikilia hati, na Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lenye usukani wa kushoto.

Jumamosi natoka kazini saa nne asubuhi. Njoo na pasipoti, kadi ya kazi, hati mbili za mwisho za mshahara na bili ya umeme yenye jina lako. Sacco inafunga saa saba. Suti usivae, pale hata meneja yuko kwenye jinzi.

Dada yako