Kwa vijana wa kwaya: kile kikombe sio cha soda

Wanangu, Bwana asifiwe.

Naandika wazi kwa sababu na nyie ile video mmeiweka wazi, imezunguka mpaka wajukuu zangu huko mjini wamenitumia wakiuliza babu, hili sio kanisa letu? Usiku wa mkesha, mmemaliza kuimba, mmoja wenu kafungua kabati la vyombo, katoa kikombe cha Meza ya Bwana, mkamimina soda, mkapokezana huku mnacheka na simu inarekodi. Sitamtaja mtu. Ila tangu siku ile usingizi wangu sio mzuri.

Na kilichoniuma zaidi sio video, ni majibu. Nimeuliza kwenye grupu nikajibiwa "Mzee, Mungu anaangalia moyo", mwingine akaongeza eti Mungu wa hasira ni wa Agano la Kale, sisi tuko kwenye neema. Haya, leo tulisome hilohilo Agano la Kale mnalolikimbia.

Hilo neno la moyo mmelitoa 1 Samweli 16, sasa isomeni yote. Samweli kafika Bethlehemu kwa Yese kumtafuta mfalme, kamwona Eliabu, kijana mrefu ana sura yake, akawaza ndo huyu. Hapo ndipo Mungu akamwambia usiangalie sura wala urefu, mimi nautazama moyo, na Eliabu akakataliwa palepale. Yaani ni neno lililosemwa mtu akiwa anakataliwa, nyie mmeligeuza mwavuli wa kujifichia!

Halafu mnasema nia ilikuwa njema. Na Uza je, nia yake ilikuwa mbaya? 2 Samweli 6. Daudi kakusanya watu 30,000 kulileta Sanduku la Agano, lile takatifu lenye mbao za amri za Mungu, kutoka nyumba ya Abinadabu, wamelipakia kwenye gari jipya, mkokoteni wa ng'ombe tuseme, Ahio katangulia mbele, na muziki unapigwa, vinubi, vinanda, matari, kayamba, matoazi, wanacheza kwa nguvu zao zote. Hiyo ni kwaya wanangu, tena kubwa kuliko yenu. Wakafika uwanja wa Nakoni ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyoosha mkono alishike lisianguke, akafa hapohapo kando ya Sanduku, na muziki wote ule haukumsaidia kitu. Daudi mwenyewe akaogopa, akaghairi kwenda nalo mjini.

Watu wengi wanaishia hapo wanasema Mungu mkali. Mi nawaambia rudini nyuma muulize, lile gari lilitoka wapi? Hesabu 4 inasema Sanduku libebwe na wana wa Kohathi, ukoo mmoja wa Walawi, kabila la watumishi wa hema la Mungu, na wasiliguse wasije wakafa, na Hesabu 7 Musa anagawa magari kwa Walawi wengine lakini Wakohathi hawapewi hata moja, kwa sababu mzigo wao ni wa mabegani. Waliokuwa wamelipandisha kwenye gari jipya ni Wafilisti, 1 Samweli 6, walipokuwa wanalirudisha kwa hofu. Kwa hiyo Israeli wenye maagizo wakaiga wasiokuwa nayo, kwa kuwa ni rahisi, linakwenda haraka na linapendeza machoni. Daudi alikuja kukiri baadaye, 1 Nyakati 15, kwamba hatukumtafuta Mungu kama alivyoagiza, na safari ya pili likabebwa kwa miti mabegani. Na muziki ukapigwa tena! Hakuna aliyewakataza kuimba wala kucheza.

Marehemu baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, ndo aliyepeleka vyombo vya Meza kule mtaa wa juu mlimani. Baiskeli alikuwa nayo, nzuri tu. Siku hiyo aliiacha nyumbani, akavifunga kwa kitambaa cheupe, akaweka kisanduku begani, akatembea, na mimi mtoto nyuma nalalamika jua kali, baba si tungepanda baiskeli. Akanijibu, "Hiki hakifungwi na mpira wa tairi." Basi. Hakunihubiria, lakini mpaka leo nikishika kile kikombe mikono inakuwa mizito. Ndo hichohicho wanangu, ndo mlichowekea soda.

Mifano mingine sitairefusha. Nadabu na Abihu, wana wa Haruni, walipeleka mbele za Mungu moto wa kigeni ambao hakuuagiza, wakafa, na Haruni kuhani mkuu aliyepoteza watoto wawili siku moja akanyamaza kimya. Mfalme Uzia aliyejipeleka kufukiza uvumba, kazi ya makuhani, ukoma ukamtoka kwenye paji la uso makuhani wanamtazama. Belshaza mfalme wa Babeli na wageni wake 1,000 wakinywea vyombo vya hekalu la Yerusalemu, usiku uleule akauawa, na yule hakuwa hata ameimba kwaya.

Ila msidhani nawalaumu nyie tu. Mzee Eli, kuhani, aliambiwa habari za wanawe Hofni na Finehasi, wanaopora nyama ya sadaka kwa uma wa meno matatu kabla mafuta hayajachomwa, akawasema kwa mdomo lakini hakuwazuia, na Mungu akamwambia umewaheshimu wanao kuliko mimi. Na sisi wazee ndo hivyohivyo. Mheshimiwa akija na bahasha ya mabati tunampandisha madhabahuni anamwaga siasa mpaka saa saba mchana, tunapiga makofi, halafu jioni tunashangaa watoto wanachezea kikombe. Wameona kwa nani? Kwenye kikao cha baraza nitalisema hili hata wakinuna.

Na kuna jambo nataka mlijue, nyie waimbaji hasa. Kora alikuwa wa ukoo huohuo wa Kohathi, wabeba Sanduku, akaona haitoshi akautaka na ukuhani, ardhi ikafunguka ikammeza. Lakini Hesabu 26 inasema wana wa Kora hawakufa. Fungueni Zaburi 42, fungueni 84, muangalie juu pameandikwa nini: ya wana wa Kora. Wakawa kwaya! Na hao uzao wa mtu aliyetaka cheo ndo wanaimba kwamba bora niwe bawabu nyumbani mwa Mungu wangu. Lile Sanduku lililomuua Uza nalo lilikaa kwa Obed-edomu miezi 3 na nyumba yake yote ikabarikiwa. Ni Mungu yuleyule.

Kikombe nimekiosha mwenyewe Jumatatu, nimekirudisha kabatini, sijamwambia mchungaji amfukuze mtu. Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa pale kanisani na kitambaa cheupe cha baba yangu. Njooni wote, na yule aliyefungua kabati awe wa kwanza, nimfundishe kukifunga.