Barua kwa Baba: mkono wenye taa

Chicago, Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na wadogo zangu wote nawasalimu. Mimi ni mzima. Baridi ni kali, ila mwili umeanza kuizoea.

Tulipoongea mara ya mwisho uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nami kwa haraka nikakujibu kwamba natengeneza taa pale barabara inapokatiza reli. Jibu lile limenikosesha raha. Wewe uliyesimama getini miaka yote ile, mchana na bendera, usiku na taa, unastahili kuelezwa vizuri.

Huku Marekani nako walianza na watu kama wewe. Mlinzi alikaa kibandani kando ya reli, na treni ikikaribia alitoka akapunga taa nyekundu huku na huku. Mwaka 1867 watu wawili wa Boston walipata hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, ya geti la kivuko cha reli, lakini kwa miaka mingi mageti yaliendelea kupandishwa na kushushwa kwa mkono wa mtu.

Kilichobadilisha mambo ni ugunduzi ambao William Robinson aliupatia hataza mwaka 1872, na ndio ninaoushughulikia kila siku. Umeme kidogo wa betri unapita katika reli moja na kurudi kwa nyingine, na humo njiani unaishikilia swichi iitwayo rilei. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake, zile fito za chuma zinazounganisha magurudumu, huziunganisha reli mbili. Umeme unapita hapo kwa mkato, rilei inakosa nguvu, inaachia, na kule kuachia ndiko kunakowasha taa na kengele. Sasa tazama uzuri wake, Baba: betri ikifa, rilei inaachia. Waya ukikatika, inaachia. Barabara inafungwa hata kama treni haipo. Mageti yenyewe yameundwa hivyo hivyo. Yakikosa umeme kabisa, mkono unashuka kwa uzito wake. Siku nilipolielewa jambo hili nilijua nimepata kazi ya maisha yangu.

Mwaka 1909 huko California, mhandisi wa kampuni ya reli ya Pacific Electric aitwaye Albert Hunt alibuni chombo walichokiita wigwag. Ni sahani kubwa yenye taa nyekundu katikati, inayobembezwa na sumaku za umeme, kushoto kulia, kushoto kulia. Ni mkono wako ule ule, Baba. Baadaye zikaenea taa mbili nyekundu zinazopokezana. Mojawapo ya za mwanzo kabisa ilifungwa Sea Bright, New Jersey, mwaka 1913. Nazo zimepangwa sambamba kwa sababu hiyo hiyo: kila taa imekaa pale ambapo mkono wa mlinzi ungefikia mwisho wa mpungo wake.

Kuna tatizo lililowasumbua muda mrefu. Urefu wa njia yenye umeme ulipimwa kwa treni ya kasi kuliko zote, kwa hiyo treni ya mizigo iliyojikokota iliwasubirisha watu mpaka wakachoka, wakaanza kulizunguka geti. Wengi wamekufa hivyo. Katika miaka ya 1960 kikatengenezwa kifaa kinachopima jinsi umeme wa relini unavyobadilika kadiri treni inavyosogea, kikakadiria itafika lini. Siku hizi sheria inataka onyo la sekunde 20 angalau, na kifaa hiki kinajitahidi muda usipishane sana, treni iwe ya haraka au ya polepole. Mimi nakihesabu kuwa kimeokoa watu kuliko taa yoyote kali, maana dereva anayeiamini ishara ndiye anayesimama.

Balbu za zamani tumeziondoa karibu zote na kuweka LED, zinazoonekana hata ukiwa pembeni na zisizomaliza betri upesi. Kengele za chuma zenye kinyundo nazo zinabadilishwa kwa spika. Hilo linanihuzunisha kidogo.

Wiki iliyopita mageti ya kivuko kimoja yalikaa chini bila treni yoyote. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji ilikuwa imejaa kati ya reli, na maji yake yakapitisha umeme kama vile ekseli inavyofanya. Madereva walinikasirikia sana. Nilifanya kazi kimya, kwa sababu kosa la namna hiyo ni salama. Ninaloliogopa ni kinyume chake: njia isiyopitiwa mara nyingi hushika kutu, na kutu ikizuia gurudumu kugusana vizuri na reli, treni inaweza kupita bila rilei kujua. Ndiyo maana reli kama hizo nazikagua kwa macho yangu mwenyewe, siamini kipimo cha umeme peke yake.

Nina ombi, Baba. Kanuni za hapa zinataka kila taa imwekemweke mara 35 hadi 65 kwa dakika, na mimi ndiye ninayezihesabu nikiwa na saa mkononi. Wewe ulikuwa unapunga kwa mwendo gani? Mwambie mdogo wangu akurekodi kwa simu usiku mmoja, umeshika taa, upunge kama ulivyokuwa ukipunga zamani. Usiharakishe. Nataka kuhesabu.

Mwanao akupendaye