Ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), mdogo wangu wa koti la kijani

Jumanne niliingia mazoezi ya ngumi hapa Mwanjelwa kwa mara ya kwanza, miaka 41, mama wa watatu, na aibu zangu zote. Baridi ya Julai ya Mbeya mnaijua. Raundi ya pili tu nikaupiga mfuko vibaya, kiganja kikapinda, nikakaa pembeni nikiutazama mlango.

Binti mmoja akaacha kuruka kamba, akachuchumaa mbele yangu. Hakuuliza umri. Akanichezesha mkono taratibu kuona kama umeumia, kisha akavua bandeji zake mwenyewe za ngumi, ndefu ajabu, akanifunga: kifundo cha mkono mara tatu, katikati ya vidole, akarudi kifundoni. “Mama, ngumi itue kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati. Mkono unyooke, usikunje.” Akanishikia mfuko hadi mwisho, raundi zake zikapotea hivyo hivyo. Na ada kalipa kama mimi!

Usiku akanisindikiza hadi kwenye bajaji, pale Kabwe. Jina sikuuliza, kichwa changu hiki.

Wazoefu, mgeni akijitenga pembeni, msogeleeni. Bandeji zako nimezifua, mdogo wangu. Alhamisi nakuja nazo.