Vile si vioo vyenye madoa

Mhariri,

Gazeti lenu nimelijua tangu nafungiwa maandazi ndani yake, na siku zote hizo sijawahi kuwaandikia. Si kwamba nilikosa la kusema. Lakini ile habari yenu ya kufunguliwa tena kwa makumbusho ya sanaa ya Sursock, Beirut, Lebanon, imenikwama kooni wiki ya pili sasa, na mume wangu ameshaniambia kama nina neno nikamwambie mhariri, si yeye.

Mwandishi wenu anasema mlipuko wa bandarini wa Agosti 4, 2020 ulivunja "vioo vyenye madoa" vya jumba lile. Ameandika hivyo mara tatu, kwa hiyo si kosa la mkono kuteleza. Naomba mumweleze taratibu kwamba Nicolas Sursock hakujenga jumba jeupe namna ile mwaka 1912, juu kwenye kilima cha Achrafieh, ili alitie vioo vichafu. Ni vioo vya rangi, ndivyo Waingereza wanavyoviita "stained glass". Kuna buluu, kuna kijani, kuna manjano, kuna damu ya mzee, na taa za ndani zikiwashwa usiku utadhani nyumba nzima imewekewa harusi. Madoa nayajua mimi. Miaka mitatu nililipwa, ile miezi niliyolipwa, kuondoa madoa kwenye vioo vya ghorofa ya nne, si mbali na hapo. Kioo chenye doa kwangu kilikuwa ni kelele za madam hadi saa sita ya usiku.

Ameandika pia kana kwamba nyumba ile inafufuka kwa mara ya kwanza. Bwana Sursock alipofariki mwaka 1952 aliuachia mji wa Beirut nyumba yake iwe ya sanaa, ikafunguliwa 1961. Baadaye ikafungwa miaka kadhaa, wakachimba ghorofa chini ya ardhi, ikafunguliwa upya Oktoba 2015. Haijatimiza miaka mitano ikapasuliwa. Na wachoraji wote amewaita Waarabu. Paul Guiragossian alikuwa Mwarmenia aliyezaliwa Jerusalem, na Kees van Dongen, aliyemchora bwana Sursock mwenyewe, ni mtu wa Uholanzi. Mtauliza shagala, mfanyakazi wa ndani kwa Waarabu, kayajulia wapi haya. Nilimsikia madam akiwaeleza wageni wake. Masikio yangu hakuyachukua pamoja na pasipoti.

Maana niliwahi kuingia. Kiingilio ni bure, jambo ambalo mwandishi wenu hakuona haja ya kulitaja. Ilikuwa 2018. Madam alikwenda na rafiki zake wawili, nami nyuma nimembeba mtoto kiunoni. Mtoto akawa ananyoosha kidole kwenye picha, nami namwambia majina ya vitu kwa Kiswahili: farasi, mwezi, mwanamke. Madam akageuka, akasema neno moja tu, "barra", yaani nje. Nikaenda kusubiri kwenye ngazi. Askari wa mlangoni, Mungu ambariki, alinisogezea kiti kivulini. Nilipata dakika kumi za sanaa, na dakika kumi zile ninazo hadi leo, basi asije mtu akaniambia mambo ya picha hayanihusu.

Sasa siku yenyewe. Saa kumi na mbili na dakika saba jioni nilikuwa bafuni namwogesha yule mtoto, na bafu halina dirisha, ndiyo sababu mnapata barua hii. Zililipuka tani 2,750 za amonia nitrati, kemikali ya mbolea, zilizokaa bandarini miaka kama mkaa wa mtu aliyesahau. Watu zaidi ya 200 walikufa. Nilipofungua mlango wa bafu niliona anga mahali palipokuwa na sebule. Usiku ule ule madam na mister walimchukua mtoto wakapanda milimani kwa wazee wao, nami nikaachwa nilinde nyumba. Niilinde vipi, Mhariri, nyumba isiyo na mlango? Nililala jikoni na kisu cha kukatia nyama. Asubuhi nikaanza kufagia. Nilifagia sebule, nikafagia vyumba, nikafagia ngazi ghorofa zote nne kwa sababu lifti ilikuwa imekufa, nikatoka barabarani nikafagia mbele ya mlango. Kioo kikifagiwa kinalia, mtu asiyewahi kukifagia kwa wingi ule hawezi kuijua sauti ile. Vijana wa mji walikuja na mifagio yao kutoka kila mtaa, nami nawaheshimu, hakuna aliyewaita. Wapiga picha nao wakaja. Mmoja aliniomba kwa adabu kabisa nisogee pembeni na kizoleo changu, namzibia msichana mwenye ufagio mpya. Nikasogea. Nimezoea. Lakini tangu siku ile kila nikiona picha ya watu wakifagia Beirut natafuta pembeni kabisa ya picha, pale inapokatika, kama kuna kiwiko changu.

Na katika kufagia huko, ndani ya vioo vyeupe vya madirisha ya kawaida, ndipo vilipoanza kutokea vya rangi. Nikaokota kimoja cha kijani, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Sisemi ni cha makumbusho. Majumba ya zamani upande ule ni mengi na yote yalivunjika. Lakini doa halina.

Mwandishi wenu amehesabu vizuri. Kazi za sanaa zaidi ya 50 ziliharibika. Ile picha ya bwana Sursock ilichanika ikapelekwa Paris, kwenye kituo cha Pompidou, ikashonwa. Ufaransa ikatoa pesa, Italia ikapitishia zake UNESCO, na Mei 26, 2023, milango ikafunguliwa. Nimefurahi, sina kinyongo na picha. Ila ile picha ilisafiri na makaratasi yake yote, sandukuni, imeandikwa ishikwe kwa uangalifu. Mimi pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa mister na mshahara wa miezi saba ulikuwa "kesho, dola hakuna". Agosti ile ile wanawake wa Kenya walilala kando ya barabara Beirut wakidai warudishwe kwao. Habari yenu ina maneno mengi tu, nimeisoma mara nne, na hakuna hata mstari unaosema kwamba katika mitaa ile kulikuwa na watu wa huku. Wasomaji wenu, Mhariri! Wanaotuma na kutumiwa nauli kwa simu, walio na binti yao ghorofa ya nne ya mtu.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niwaambie na la nyuma ya ukurasa. Mnajua mlichapisha nini nyuma ya ile picha ya jumba? Tangazo la wakala, nusu ukurasa: wasichana wanahitajika haraka, visa bure, tiketi bure, umri hadi miaka 35. Mtoto wa dada yangu alilikata kwa mkasi. Nilipofika ukurasa ule nikakuta tundu la mraba, na jumba la Sursock limebaki ngazi na mti mmoja. Hivyo ndivyo nilivyosoma habari yenu mara ya kwanza, ikiwa na dirisha katikati, hata ikabidi ninunue nakala ya pili. Bei ya gazeti mnaijua. Mimi niliondoka kwa tangazo la namna hiyo hiyo, na neno "kafala", ule utaratibu wa kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, nililisikia mara ya kwanza nikiwa nimeshafika. Mbona hilo haliwekwi kwenye tangazo, hata kwa herufi zile ndogo mnazotangazia zabuni?

Masahihisho ninayoyataka ni haya. Muandike kwamba vile ni vioo vya rangi, mahali pale pale na kwa ukubwa ule ule, si kule chini ya mafumbo ya maneno. Pesa ya lile tangazo mjue wenyewe mtakavyolala nayo. Na mwandishi wenu nampa mwaliko. Idd inakaribia na nyumba yangu ina madirisha sita yanayopigwa na chumvi ya bahari tangu Machi. Aje Jumamosi saa mbili asubuhi, siki nitampa mimi, gazeti aje nalo, maana kwa kusugulia vioo halina mfano. Afute ndani na nje mpaka ajue doa ni lipi na rangi ni ipi. Chai ipo, mahamri yapo. Akimaliza la sita nitamwonyesha kile kipande changu cha kijani. Kukishika, hapana.

Aliyekuwa shagala,
Kisauni, Mombasa