Wanangu, piko mtaiacha lini?

Kwa mabiharusi, mashoga zao na mafundi wa hina, Unguja na Mombasa.

Assalaam aleikum wanangu.

Naandika na hasira, mtanistahamilia. Majuzi nimekwenda harusini, biharusi kaketi mikono kaifunika kwa mtandio. Nikadhani ni haya. Kumbe malengelenge! Maua aliyochorwa toka vidoleni hadi kiwikoni yamefura yote, kila jani na kila kikonyo kwa umbo lilelile alilochora fundi, yanachuruzika maji. Na mashoga zake wamemzunguka wakinong'ona, "Husda hiyo, katiwa jicho." Jicho gani? Ni piko.

Piko ni dawa ya kutia nywele weusi, na kinachodhuru ndani yake ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Jani la mhina halitoi weusi hata ulikande vipi. Sisi tulikanda unga wake kwa ndimu na chai ya rangi, tukauacha ulale, tukajipaka na kulala tumefungwa vitambaa mikononi. Asubuhi rangi ya chungwa, kesho yake imeiva wekundu wa kahawia. Nyinyi mnataka nyeusi tititi ndani ya nusu saa, kisa mpiga picha kasema nyekundu haionekani vizuri.

Jibu lenu nalijua: "Bibi, mbona Idi iliyopita nilipaka na sikudhurika?" Hapo ndipo mnapoponzeka. Mara ya kwanza mwili huenda usionyeshe kitu, kwa kuwa unahitaji siku kadhaa, pengine wiki mbili, kuitambua ile kemikali na kuanza kuikataa. Ukishaikataa, ukijipaka tena unawashwa na kufura ndani ya siku moja hadi tatu. Kwa hiyo kupona kwa Idi iliyopita si dhamana. Huenda ndipo mzio ulipoanza. Na mzio huo kwa kawaida hauondoki. Utakuwa mtu mzima, mvi zimekujia, unatia dawa nywele ukenda kazini, unaamka uso umeumuka na macho hayafunguki. Wengine hawawezi tena hata baadhi ya dawa za ganzi za kupaka, au nguo zenye rangi nyeusi ya namna hiyo.

Halafu mnawapaka watoto wa chekechea! Mtoto wa miaka minne anataka weusi wa nini?

Lawama si yenu peke yenu. Ulaya na Marekani kemikali hii inaruhusiwa katika dawa ya nywele, Ulaya isizidi asilimia 2, lakini kuipaka kwenye ngozi ni marufuku. Maboksi mengi ya dawa za nywele yenyewe yanasema jaribu kidogo kwanza, ungoje saa 48. Kwetu pakiti zinauzwa waziwazi, na ufukweni tunawachora watoto wa wageni tukiwaambia huu ni utamaduni wetu. Wanapanda ndege, wanakwenda kufura kwao. Utamaduni wa nani huo? Wenye mamlaka wanapita hapo hapo, wake zao nao wamechorwa.

Mengine ya kujihadhari nayo nayataja tu. Hereni za bei rahisi zenye madini ya nikeli, hasa sikio likiwa bichi. Gundi ya kucha za bandia kugusa ngozi kabla haijakauka. Shisha, nawe una pumu. Udi na dawa ya mbu ya kuchoma chumbani, madirisha yamefungwa, mtoto mchanga kalala humo.

Uliyekwisha kufura, wanangu, usijipake piko tena hata nukta. Malengelenge usiyapasue wala usiyatie dawa ya meno. Nenda kwa daktari wa ngozi, umwambie wazi kuwa ni piko, usisingizie wadudu. Na kila utakapotibiwa, utaje mzio wako hata kama hukuulizwa. Nawe fundi, mteja akikuomba nyeusi, mwambie huna. Akienda kwa mwengine, mwache aende.