Barua ya wazi kwa Daktari wa Mifugo wa Jiji la Dodoma: kadi ya Simba

Mbukwa, Daktari.

Nakuandikia kuomba daftari moja la kuandika mbwa wa jiji na wenyewe, na chipu ya utambuzi kwa anayetaka. Sababu ni mbwa wangu anayeitwa Simba, na najua umeshatabasamu. Simama barabara yoyote Dodoma uite "Simba!", uone mikia itakavyokuzunguka.

Alitoroka usiku wa mkesha wa mwaka mpya, fataki zilipoanza kulia huku kwetu Ilazo. Aliruka ukuta ambao miaka yote alikuwa akiutumia kwa kivuli tu. Nilimtafuta Kisasa, nikamtafuta hadi Makole, nikasambaza picha kwenye makundi ya WhatsApp. Wiki ya nne dereva wa bodaboda akaniambia kamwona Nzuguni, kafungwa kamba kwenye mwarobaini wa mtu.

Mwenye mwarobaini hakuwa mtu mbaya. Alimnunua kwa kijana mpita njia, shilingi 30,000. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Simba akanirukia mpaka nikapepesuka, mwenyekiti akasema mbwa humrukia yeyote anayenukia chakula. "Ushahidi?" Nikatoa kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, niliyoitunza kama hati ya kiwanja. Akaisoma kwa sauti: "Jina, Simba. Jinsia, dume. Rangi, kahawia." Kisha akamtazama mbwa wake aliyejilaza mlangoni. "Hii kadi hata wangu inamfaa."

Nilimlipa yule bwana 30,000 zake. Nikamnunua mbwa wangu mwenyewe.

Daktari, wewe chipu unaijua kuliko mimi, ila wengine watakaosoma barua hii huenda hawaijui. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, kinachochomwa kwa sindano chini ya ngozi, kati ya mabega. Hakina betri, kwa hiyo hakiishi chaji. Ukikipitishia kisomeo kwa karibu kinatoa namba ya tarakimu 15, na tatu za mwanzo zinaweza kuwa za nchi. Yetu ni 834. Kila ninayemweleza huuliza kama ataweza kumwona mbwa wake kwenye simu anakatiza mitaa. Hapana. Chipu haijui iko wapi. Inajua namba yake tu, na namba isiyo na daftari ni sawa na ufunguo uliookotwa barabarani.

Ndiyo maana siombi chipu kwanza. Naomba daftari, tena moja. Uingereza wamelazimisha chipu kwa mbwa tangu 2016, lakini madaftari yako mengi, ya kampuni tofauti, na anayeokota mbwa huanza kwa kutafuta namba imeandikwa kwa nani. Sisi bado hatujaharibu, tuanze vizuri. Ng'ombe wana sheria ya utambuzi na usajili tangu 2010 na wanavalishwa hereni. Mbwa anayewalinda usiku ana kadi tu.

Baada ya daftari, visomeo kwa maafisa mifugo wa kata. Chipu ije mwisho, kwa anayetaka na anayeweza kulipia. Tafadhali msiilazimishe. Mzee wa Hombolo mwenye mbwa watatu wa kuchungia akisikia kuna malipo atawaficha siku ya chanjo, na hapo tutakuwa tumefukuza panya kwa kuchoma ghala. Chanjo ibaki mbele ya yote.

Lakini kwa aliye tayari, vyote viwili vifanyike kwa mkupuo mmoja, labda Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani: chipu kwanza, sindano ya chanjo ifuate, namba iandikwe kwenye kadi. Mpangilio huo sikuutunga mimi. Umoja wa Ulaya haupokei mbwa ambaye chanjo yake ya kichaa ilitangulia chipu, kwa sababu bila namba hakuna anayejua ni mbwa yupi aliyechanjwa.

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko 30,000 zangu. Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji tele kwa dakika 15, anakimbizwa hospitali, na mbwa akipatikana anaangaliwa siku 10. Swali la kwanza huwa: amechanjwa? Mwenye mbwa atatoa kadi. Kadi itasema dume, kahawia. Inaweza kuwa ya mbwa aliyekufa mwaka juzi, na mwenyewe asiwe hata anadanganya. Kwao kila mbwa ni Simba.

Simba wangu alirudi na sikio la kushoto limechanika, sijui ni kamba au ni ugomvi. Walau sasa ana alama. Nimeiandika kwa kalamu yangu kwenye kadi, chini ya "kahawia". Kama hairuhusiwi, niambie nifute.

Mkazi wa Ilazo, Dodoma