Kimeng'enya kisichomeng'enya

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze jambo linalonisumbua kila ninaposoma makala za afya katika magazeti yetu. Linapotajwa neno kimeng'enya, mwandishi hukimbilia tumboni: hueleza habari za mate, kongosho na utumbo, kisha huishia hapo. Chanzo cha kosa hilo nakielewa, kwa kuwa neno lenyewe limetokana na kitenzi kumeng'enya, na msomaji hawezi kulaumiwa akidhani kwamba kazi ya kila kimeng'enya ni kuvunjavunja. Hata hivyo, ndani ya seli zetu imo jamii kubwa ya vimeng'enya ambavyo havizivunji protini vinazozishughulikia, bali huziongezea kitu. Hivyo ndivyo kinasi za protini.

Kazi ya kinasi huonekana ndogo. Huchukua fosfati, kikundi kidogo cha atomi za fosforasi na oksijeni, kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuipachika mahali maalumu kwenye protini nyingine, aghalabu juu ya asidi amino (vijenzi vya protini) ziitwazo serini, threonini na tirosini. Kwa kuwa fosfati ina chaji hasi, protini iliyopachikwa huweza kubadilika umbo, na kwa mabadiliko hayo ikaanza kazi, ikaiacha, ikahamia sehemu nyingine ya seli au ikashikana na mwenzi ambaye awali haikumjali. Baadaye kimeng'enya kingine, fosfatasi, huiondoa fosfati hiyo. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliugundua utaratibu huu mjini Seattle katika miaka ya 1950, walipokuwa wakichunguza jinsi msuli unavyotumia akiba yake ya sukari iitwayo glaikojeni, nao wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1992. Mtu anaposhtuka na adrenalini ikaingia katika damu, kinasi hupokezana ujumbe, moja ikiiamsha nyingine, mpaka glaikojeni ianze kukatwa. Kumbe hata kimeng'enya kinachokata husubiri amri ya kinasi!

Binadamu ana jeni zaidi ya 500 za kinasi, na miongoni mwake zimo zinazoamua seli igawanyike lini.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa sababu linawagusa wagonjwa. Nimesoma mara kadhaa kwamba dawa fulani ya saratani "huua kimeng'enya kibaya". Kinasi iitwayo ABL si mbaya. Sote tunayo, na katika seli yenye afya huwashwa na kuzimwa kwa wakati wake. Balaa huanza pale kromosomu ya 9 na ya 22 zinapobadilishana vipande, jeni ya ABL ikaunganishwa na nyingine iitwayo BCR, kisha ikazaliwa kinasi isiyozimika, inayoamuru chembe nyeupe za damu ziongezeke bila kikomo. Hiyo ndiyo saratani sugu ya damu ya aina ya mieloidi. Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2001, hukaa katika mfuko ule ule wa kinasi ambamo ATP ilipaswa kukaa, na hivyo kinasi hukosa fosfati ya kutoa. Haikiui kimeng'enya wala haikimeng'enyi. Hukikalia tu mahali pake pa kazi.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba kimeng'enya kimekufa hataona sababu ya kumeza vidonge kila siku, ilhali aliyeelewa kwamba kinasi imezibwa mdomo atajua kuwa inaweza kurudi kazini dawa ikipungua mwilini. Ataelewa pia kwa nini daktari huendelea kupima damu yake, kwani asidi amino moja tu ikibadilika katika mfuko ule, dawa inaweza kukosa pa kukaa.

Sipendekezi neno kimeng'enya liachwe, kwa maana limekwisha kukubalika shuleni na vitabuni. Ninachoomba ni kwamba, kila kinasi inapotajwa katika kurasa zenu, mwandishi aongeze sentensi moja ya kueleza kwamba kimeng'enya hiki hupachika fosfati, na kwamba kuzimwa kwake kuna umuhimu sawa na kuwashwa kwake.

Wako,
Msomaji wa kila siku